Jezi ya Kipa na Sabuni ya Unga

Mwaka jana nilirudi Mwanza kwa ajili ya nyumba ya bibi. Wajomba walikuwa wamepata mnunuzi, wakanipigia simu niende nichukue vilivyo vyangu kabla haijabomolewa. Vyangu vyenyewe vilikuwa sanduku la bati, madaftari ya shule ya msingi yaliyokwisha kuliwa na mchwa, na karai moja kubwa lenye kibonyeo upande mmoja. Nilishuka stendi ya Buzuruga asubuhi, na nilipofika Mirongo, karibu kabisa na nyumbani, nikakuta mtu ameanika jezi za mpira kwenye uzio wa mabati. Zilikuwa mbichi bado, zinanukia sabuni ya unga. Ndugu yangu, harufu ni kitu kibaya. Nilisimama pale na mkoba wangu, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, mpaka mama mmoja akatoka kuniuliza kama nimepotea nyumba.

Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimerudi darasa la nne.

Miaka hiyo ya tisini bibi yangu ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu yetu, timu ya kiwanda cha nguo, iliyokuwa ikicheza ligi kuu na kuzitoa jasho timu kubwa za Dar. Wachezaji karibu wote walikuwa wafanyakazi wa kiwanda. Mshambuliaji alikuwa kwenye rangi, beki wa kati alikuwa mlinzi wa geti, na kipa alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Huyo kipa alikuwa mpangaji wetu, chumba cha uani. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, mpole, Mlutheri wa kwenda kanisani hata siku ya mechi, na mfukoni hakukosa kahawa za kutafuna. Mimi nilimwita kaka. Wazazi wangu walikuwa mbali, nyumbani tulikuwa mimi na bibi tu, na kaka ndiye aliyenikalisha kwenye ngazi jioni akanifundisha kugawanya kwa njia ndefu. Nikikosea hakunipiga. Alikuwa akitikisa kichwa tu na kusema, "Rudi nyuma, uone ulipoangusha."

Kila Jumatatu bibi alijitwika karai tukaenda naye ziwani, kwenye mawe. Siku hizo magugu maji yalikuwa yameanza kuvamia ufukwe, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyasukuma kwa fimbo mpaka tupate uwazi wa maji. Bibi alifua kwa sabuni ya mche, akiikata vipande kwa uzi. Aliimba kwa Kisukuma huku akipiga jezi juu ya jiwe, na mimi nilianika juu ya majani kwa kufuata namba, moja mpaka kumi na sita, maana alisema jezi zikichanganyika na wachezaji watachanganyikiwa. Baadaye tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, tukisubiri zikauke. Alikuwa na msemo wake: mtu anaweza kukosa nguo, lakini asikose usafi, na sisi ziwa hili hapa.

Sasa msimu ninaousema ulianza vibaya. Mzunguko wa kwanza timu ilifungwa mpaka watu wakaacha kuisema sokoni. Kisha ikaja mechi moja, mpira wa wapinzani ukagonga mlingoti wetu mara mbili na mtambaa wa panya mara moja, ukakataa kuingia, na timu yetu ikashinda bao moja. Wazee wa timu, wale tuliowaita kamati ya ufundi ingawa hawakuwa na ufundi wowote wa mpira, wakakaa kikao. Wakaamua kwamba jezi ya kipa isifuliwe mpaka timu itakapofungwa tena.

Wewe cheka tu. Timu ilicheza mechi saba bila kufungwa.

Jezi ile ilikuwa ya sufu, ya kijani, yenye mikono mirefu. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bibi, na kila wiki iliongeza tope, jasho na uzito. Kufikia mechi ya tano, paka wetu aliacha kulala chumba kile. Bibi aliteseka kweli. Alikuwa mwanamke wa kufagia uwanja mara mbili kwa siku, na sasa alilala na kitu kile kichwani pake kwa amri ya wanaume watano wenye mabaragashia. Lakini alikuwa amewaahidi, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Jirani zetu nao walikuja kuiona jezi kama watu wanaokuja kumwona mzazi, wanachungulia, wanatikisa kichwa, wanaondoka na matumaini. Mechi za ugenini tulisikiliza kwenye redio ya jirani mwenye duka, yule mama aliyekuwa wa kwanza mtaani kuuza bidhaa mpya zilizokuwa zikimiminika baada ya mipaka kulegezwa: dawa ya meno yenye mistari, biskuti za krimu, na sabuni ya unga kwenye vipakiti vya buluu.

Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani, na timu kubwa ya Dar. Sare tu ilitosha kutubakiza ligi kuu. Tukifungwa, tunashuka daraja. Na kila mtu mtaani alijua kwamba kiwanda kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe mpya, mitumba ilikuwa imeshaua soko la vitenge vyake, na ikishuka timu, hakuna mwenye kiwanda atakayelisha wachezaji wa daraja la pili. Hayo ya soko mimi hayakunihusu. Nilichoelewa ni kimoja: timu ikifungwa, kaka ataondoka.

Wiki hiyo wachezaji waliwekwa kambini. Siku ya Jumatano ikaja habari ya msiba kwa ndugu wa bibi huko Sengerema. Bibi akafunga kanga zake kuwahi kivuko cha Kamanga, akaniacha na jirani, akaniambia jezi zote zimeshakunjwa, nisiguse kitu, atarudi Ijumaa.

Kama ningekuwa mtoto mbaya, yasingetokea. Mtoto mbaya angekwenda kucheza. Mimi nilikaa ndani nikaiangalia ile jezi nikamwonea huruma kaka. Wageni wa Dar watakuja, mkuu wa mkoa atashuka uwanjani kuwashika mikono, na kaka atasimama mbele yao ananuka. Jumapili iliyopita nilikuwa nimemwona mchumba wake, muuguzi mmoja msafi sana, akihamisha kigoda chake kidogo kidogo kutoka alipokaa kaka. Basi Alhamisi, baada ya shule, nikamwomba yule jirani mwenye duka kipakiti kimoja cha sabuni ya unga. Hakuniuliza cha nini. Nikachemsha maji yakatokota, nikayamimina kwenye karai, nikaitumbukiza jezi namba moja. Maji yakawa meusi kama uji wa ulezi. Nikabadilisha mara nne. Nilipoikamua, ilikuwa kijani ambayo sikuwa nimewahi kuiona, inanukia kama duka jipya. Nilijisikia fahari, siwezi kukudanganya. Nilipoianika ndipo nilipoona mikono imekuwa mifupi.

Bibi alirudi Ijumaa mchana. Hakufika hata chumbani. Alisimama mlangoni, pua ikamwambia. Aliingia, akaishika jezi, akaivuta mkono mmoja, ukakataa kuvutika. Nilisubiri kofi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilijua. Badala yake alikaa kitandani akaniuliza nilitaka nini, nikamwambia nilitaka kaka awe safi. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akawasha kuni mbichi, akatundika jezi juu ya chanja pale alipokuwa anakausha samaki, katikati ya sato wawili na fungu la dagaa. Tukaifukiza mpaka jioni. Akachukua tope la uani akalipaka kifuani na kwenye viwiko, kwa umakini kama anayesiriba nyumba. Alipomaliza akainusa, akanipa na mimi ninuse. Ilinuka vibaya, lakini haikuwa harufu yake.

"Mwenye macho ataona," alisema, "na mwenye pua atanyamaza."

Jumamosi asubuhi kijana wa timu akaja kuchukua furushi. Mchana tukaenda uwanjani, mimi na bibi, tukakaa upande wa mawe. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Walikuwa wamepanda mpaka kwenye mapaa ya nyumba za jirani. Timu zilipotoka, nilimtafuta kaka tu, na nikaiona mikono ya jezi inaishia chini kidogo ya viwiko. Watu walicheka wakidhani ni mtindo mpya. Bibi alitoa rozari yake kwenye mkoba.

Kaka alidaka siku ile mpaka wageni wakaanza kumpigia makofi. Kwenye kona washambuliaji wa Dar hawakumsogelea, na mimi na bibi tulijua sababu. Sifuri kwa sifuri mpaka jua likaanza kuinamia ziwani. Zikiwa zimebaki dakika chache, mtu wao akapiga shuti la chini kwenda mlingoti wa mbali. Kaka akaruka, akanyoosha mkono wote. Mpira ukapita mbele ya vidole vyake, pengine kwa upana wa kiganja, pengine kwa urefu ule ule ulioibiwa na maji yangu ya moto. Uwanja mzima ukanyamaza mpaka tukasikia wavu.

Hatukutembea na watu kurudi nyumbani. Giza halijaingia, wazee wa timu wakafika, watatu, wakiwa na jezi mkononi. Walikuwa wameinusa. Chini ya samaki walikuwa wamekuta sabuni. Bibi aliwasalimia vizuri, akawapa viti, hawakukaa. Mkubwa wao akauliza nani ameifua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, pale pale kwenye msumari, na nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo.

"Nimefua mimi," bibi akasema. "Uchafu ulinishinda."

Mimi nikaufunga.

Jezi zikahamia kwa mama mwingine. Hiyo haikuwa hasara kubwa, maana kiwanda kilifungwa miezi michache baadaye na timu ikafifia. Hasara ilikuwa sokoni, alikokuwa na meza ya dagaa. Watu waliacha kununua dagaa wa bibi. Wanawake aliokuwa akiwasalimia "mwangaluka" kila asubuhi waliitikia wakiangalia pembeni. Kwa mwaka mzima alikuwa ni yule bibi aliyeshusha timu. Hakulitaja jambo hilo hata mara moja, wala hakuwahi kunigombeza. Kaka naye aliondoka kabla ya Krismasi. Alivuka Kamanga kwenda machimbo ya Geita na begi moja, akaniachia rula yake ya mbao, na mimi nikashindwa hata kumtazama usoni. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tano, na mimi bado nilikuwa sijamwambia hata asante.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku ile nilipofika kwenye nyumba. Wajomba walikuwa wamekaa uani na mgeni mmoja mzee, mrefu, mwenye mvi. Aliinuka nikamtambua kwa mikono kabla ya uso.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuwa mama."

Alikuwa amesikia nyumba inauzwa, akaja kukiaga chumba chake. Alirudi kutoka machimboni zamani, ana mashine ya kusaga na wajukuu. Yule muuguzi ndiye mkewe. Tulikaa kwenye ngazi zile zile. Alinipa kahawa za kutafuna kama vile tuliachana jana, na mimi, kabla sijapoteza tena ujasiri, nikamwambia. Nikamwambia ile jezi niliifua mimi, na bibi alibeba aibu yangu mpaka kaburini.

Alitafuna kwanza. Akaniambia kwamba barua za kupunguzwa kazi walikuwa wamekabidhiwa kambini siku mbili kabla ya mechi, wote, mmoja mmoja, na wakakubaliana wasiseme mpaka mpira uishe. Hata wangeshinda kumi, angeondoka. Na lile goli, alisema, si jezi iliyoliruhusu. Aliruka mapema.

"Na kuhusu kufua," akasema, "nilijua nilipoivaa tu. Wazee nao walijua."

Nikamuuliza wangejuaje.

"Mtaa mzima ulijua sabuni ya bibi yako. Ile ya unga maisha yake yote hakuishika. Mmoja wao alinihadithia baadaye: alipowaambia ni yeye, walitazamana, wakaona mtoto nyuma ya mlango, wakapokea jibu lake wakaondoka."

Mwaka mzima, basi, walioinyima biashara meza yake hawakujua, na wale wazee watatu waliojua hawakusema, na bibi hakuwaomba waseme. Kaka alinitazama vile vile kama zamani nikikwama kwenye hesabu, akatikisa kichwa, ila safari hii hakuniambia nirudi nyuma.

Kiwanda sasa ni maghala. Yale mawe ya kufulia yamezungushiwa ukuta wa hoteli, na jezi za siku hizi hazihitaji jua, zinakauka zikiwa mwilini. Nyumba imeshabomolewa. Nililichukua karai lile nikapanda nalo basi, watu wakinishangaa, na kwangu ninafulia humo kwa sabuni ya mche. Binti yangu ananicheka, anauliza kwa nini nisinunue ya unga kama watu wengine. Hapo ndipo ninapokaa chini nikamwambia habari za bibi yake mkubwa, na ninaanza kwa kumwambia nani aliyefua.