Njia ya Migomba Hadi Mlangoni

Nikifumba macho, naiona njia ya kwetu Kagoma kabla sijaiona nyumba. Ndivyo kibanja cha Kihaya kilivyo: unaingia kwenye migomba, njia inakunja huku, inakunja kule, kivuli kinakufunika, moshi wa jikoni unakufikia, na nyumba hujaiona bado. Ukisikia watu wanaongea ndipo unajua umefika. Unasimama ukingoni mwa uwanja, unaita "Hodi, waitu!", yaani hodi jamaa zetu, unangoja. Ukiitikiwa, unaingia. Usipoitikiwa, unarudi zako.

Kazi yangu ni kupanga bustani. Naishi Bukoba, napanda maua kwenye hoteli na nyumba za watu. Mama alibaki kibanjani, na mwaka ule alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimkuta akichuma kahawa, kapu limejaa buni mbichi, za kijani tupu, anazipapasa kwa furaha akidhani ni nyekundu. Mama huyu huyu aliyekuwa akituchapa mikono kwa buni moja mbichi! Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Muleba palikuwa na kituo kipya cha macho, kando ya barabara kuu. Nilimpeleka. Tukashuka kwenye basi, tukafika getini, akagoma. Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa saruji unaomeremeta kwa jua, njia imenyooka hadi mlangoni, na kibarazani watu wamejaa kwenye mabenchi wakitutazama.

"Siendi," alisema.

"Mama, si pale tu?"

"Nipite katikati ya weupe wote huu, watu wakiniangalia ninavyojikwaa? Na nani amenikaribisha? Mawe, mama yangu wee! Nirudishe nyumbani."

Nilimbembeleza, nikafoka, nikanuna. Wapi! Tulirudi kwa basi, masikio yananiwaka kwa hasira. Ila ukungu ulipoanza kushuka juu ya vilima, hasira ikanitoka kidogo kidogo, nikaanza kuuona ule uwanja kama alivyouona yeye. Kweli, hata mimi ningeuogopa.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu kwa daktari mkuu wa kituo, nikamwomba anipe uwanja wake. Alicheka.

"Migomba mbele ya hospitali? Watu watasema tumefungua shamba."

"Waache waseme," nikamjibu. "Shambani wanaingia. Hapa wanaishia getini."

Akatazama getini, kisha akakubali. Wagonjwa wa kuishia getini alikuwa anawajua.

Tulivunja saruji. Pembeni ilikuwa imebaki mibuni michache ya mwenye shamba wa zamani, na njia nikaipindisha ipite katikati yake. Nikapanda migomba, nikaweka benchi kivulini, na mwisho wa njia, kabla ya kibaraza, nikalaza jiwe moja pana la mtu kusimama. Kisha tukangoja. Migomba haina haraka, na macho ya mama yalizidi kufifia. Asubuhi nyingine nilikuwa naenda pale ukungu haujaondoka, naishika shina kwa shina, naiambia: jamani, kueni. Nilikuwa naogopa sana.

Dada yangu ndiye aliyemshawishi. Alimwambia tu kwamba pale sasa kuna njia ya migomba. Mama akakubali, kwa sharti moja: mimi nisiwepo, kwa sababu eti navuta watu kama mbuzi. Basi nikajificha kwenye maua niliyopanda karibu na kibaraza, jembe mkononi.

Nilimsikia kabla sijamwona. Fimbo yake ilikuwa inagonga polepole, mkono wake unapapasa majani, na dada yangu yuko nyuma yake. Akafika kwenye jiwe, akasimama, akakohoa.

"Hodi, waitu!"

Kimya. Nani hospitalini huitikia hodi? Nilikuwa nimefikiria kivuli, jiwe, benchi, kila kitu, lakini mtu wa kuitikia sikumfikiria. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha nikaona fimbo inageuka kuelekea barabarani.

"Karibu, waitu! Karibu sana!" nikapaza sauti kutoka kwenye maua, nimeifanya nzito kama ya mama mwenye nyumba.

Fimbo ikarudi.

"Asante," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake, walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, nilikuwa namngoja kwenye benchi. Alinipita, akaenda kusimama kwenye mibuni, uso karibu na tawi. Alikaa pale muda mrefu mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Akachuma buni moja, akaiacha ya pili, akachuma ya tatu, akaja kuniwekea kiganjani. Zote mbili zilikuwa nyekundu.

"Na ile sauti yako ya jana," akasema. "Mimi nilikuwa sioni, mwanangu. Sikuwa kiziwi."