Ndala Jozi Sita

Kila nikisikia harufu ya vumbi linaloungua ndani ya feni ya kompyuta, narudi kwenye chumba cha uani cha nyumba yetu ya Nyasubi, hapo Kahama, alikofanyia baba kazi yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mapajani, kuukuu, na ilipata moto kama jiko, kwa hiyo baba aliiweka juu ya sahani mbili za bati alizozifunika kifudifudi ili ipate hewa kwa chini. Mama aliziulizia sahani zake kila siku ya Mungu. Alisema hajawahi kuona nyumba ambayo watu wanakula kwa zamu ili mashine ipumue, na baba alicheka tu na kuendelea kubofya. Majirani nao walikuwa na lao. Mwanaume mzima, amesoma mpaka Dar es Salaam, anashinda ndani tangu asubuhi, hana ng'ombe, hana duka, eti anaandika programu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kwangu hapakuwa na mtu mwenye akili kumzidi baba. Mtoto aliyesema baba yangu hana kazi alipigana na mimi, na nilipigana kweli, mara mbili, ya pili nikatoka na jino pungufu.

Mwaka ule baba alipata watu wa kutumia programu yake. Walikuwa wenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, mahali penye mashimo mengi ambayo wachimbaji wenyewe huyaita maduara. Kabla ya hapo duara moja lilikuwa limetitia, watu wakachimba siku nne wakimtafuta mwenzao, kumbe mwenzao alikuwa mjini anakunywa. Baba alisikia habari hiyo akakosa raha. Alituambia tukiwa tunakula kwamba mtu akiingia chini ya ardhi, lazima awepo mwingine juu anayejua kwamba ameingia. Basi akakaa miezi mitatu kwenye zile sahani. Programu aliyoitengeneza ilikuwa rahisi: karani wa getini anashika simu, mchimbaji anataja namba yake ya simu, karani anaiandika, alama ya kijani inatokea, mtu anapita. Akitoka, vivyo hivyo. Baba aliniambia kwa fahari kwamba majina ya watu yanafanana, akina Masanja wako mia, lakini namba ni namba moja, mtu mmoja. Nilijifunza maneno hayo kama sala.

Likizo ilipofika alinichukua twende nikaione kazi yake. Nakumbuka udongo mwekundu, mvuke wa maharage na makelele ya karasha zinazosaga mawe. Nakumbuka zaidi Mama Kulwa, aliyekuwa akipika chakula cha wachimbaji. Watu wa pale waliteremka peku au kwa mabuti, na ndala zao waliziacha mdomoni mwa duara. Mama Kulwa alipita asubuhi akihesabu ndala, ili ajue kila duara alipelekee sahani ngapi za ugali. Hakujua kusoma, wala hakuwahi kupeleka sahani pungufu. Nilimwonea huruma. Nilimwambia kwamba sasa baba ameleta kompyuta, hana haja ya kuinama kuhesabu viatu vya watu. Akanishika kidevu, akasema mgongo wake umeshazoea.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, duara moja lilititia. Sikusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia karasha zikizimwa moja baada ya nyingine, na ule ukimya ndio ulionitisha. Baba alikimbia na simu ya karani mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona wanaume wenye misuli wakimsubiri yeye aseme. Alisema watano, akataja majina yao. Walichimba kwa zamu bila kupumzika, na kabla jua halijazama walikuwa wamewatoa wote watano. Wawili walikuwa wamekufa. Wawili walitembea wenyewe, ingawa hawakuweza kueleza kitu. Wa tano, Masanja, kijana wa Songwa, alikuwa hai lakini hajitambui, wakampakia kwenye gari kwenda hospitali ya mji. Watu wakaanza kukusanya koleo. Hapo ndipo Mama Kulwa alipokuja mpaka alipokuwa baba, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi alihesabu jozi sita.

Baba hakumdharau, nataka hilo lieleweke. Alikwenda naye mdomoni mwa duara, nami nyuma yao, tukaziona zimepangwa, jozi sita. Ya mwisho ilikuwa ya bluu, mkanda mmoja umeshonwa kwa waya. Msimamizi wa duara akasema huenda kuna mtu alizitupa, ndala mbovu hizo. Baba akaangalia simu tena.

"Kompyuta inasema watano, mama," alisema. "Yenyewe haichoki, haisahau."

Na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikadakia kwamba namba moja, mtu mmoja. Mama Kulwa alinitazama kidogo, akaziokota zile ndala za bluu, akaondoka nazo.

Siku mbili baadaye baba alinunua machungwa tukaenda hospitali kumwona Masanja. Tulimkuta ameamka asubuhi hiyohiyo, midomo imempasuka. Baba alijitambulisha, akampa pole. Masanja hakuitikia pole.

"Mdogo wangu mmemlaza wodi gani?" aliuliza.

"Mdogo wako yupi?"

"Limbu. Alikuja juzi tu, ilikuwa siku yake ya kwanza kushuka. Alinifuata nyuma."

Baba akamwomba amtajie namba ya Limbu. Masanja akaitaja polepole, na ilikuwa namba yake mwenyewe. Akaeleza kama anayeomba radhi kwamba nyumbani kwao simu ni moja, wanatumia wote. Baba alitoka, akaketi kwenye benchi la korido, akaitoa kompyuta kwenye begi, akaifungua. Nilimwona akisoma mpaka kidole kikasimama mahali pamoja. Limbu alipofika getini na kutaja namba ile, programu ilikuta mwenye namba ameshaingia. Ikamhesabu kuwa ni yuleyule, ikatoa alama ya kijani, karani akampitisha. Baba alipiga simu machimboni. Walichimba tena, safari hii mpaka kwenye tawi la pembeni la shimo ambalo hawakuwa wamelifikia. Walimkuta Limbu ameketi ameegemea ukuta. Udongo haukuwa umemgusa.

Sikuambiwa alikaa pale muda gani akiwa hai. Baba alijua, na hakuwahi kusema.

Tulikwenda msibani Songwa, baba, mama na mimi. Baba alikataa kukaa na wanaume nje. Aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu, akamweleza kila kitu, namba, simu, alama ya kijani. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezipakata zile ndala za bluu, maana Mama Kulwa alizileta mwenyewe.

"Na viatu vyake, baba, hamkuviona?"

"Niliviona, mama," baba alijibu.

Kosa lile alilirekebisha kwa mistari miwili tu ndani ya programu. Nilikuwepo, ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kisha akazima kompyuta, akaziosha zile sahani mbili, akamrudishia mama. Mama alilia, yeye aliyekuwa akizidai kila siku. Tangu hapo baba hajaandika programu nyingine. Ana kibanda Nyasubi, anatoa nakala na kupiga picha za pasipoti, na watu wanaopita wanamwita fundi.

Mimi sasa ninafanya kazi Isaka, kwenye ofisi inayoandikisha madereva wa malori yanayopokea mizigo ya reli. Programu tunayotumia imetoka mbali, ni nzuri, ina rangi za kupendeza. Inataka namba ya simu ya kila mtu. Mwezi uliopita walikuja madereva wawili wa lori moja, mtu na shemeji yake, wanaopokezana usukani, wana simu moja. Nilimwandika wa kwanza. Nilipomwandika wa pili, ikatoka alama ya kijani, na idadi haikuongezeka.  Niliwaandikia wenye programu, nikaeleza kwa kirefu, hata habari za Limbu niliziweka. Walijibu kwa heshima kwamba kila mtu anapaswa kuwa na namba yake. Basi nikanunua daftari, na wanaotumia simu moja nawaandika humo kwa mkono.

Jumapili iliyopita nilimsimulia baba kibandani kwake. Nilidhani atafurahi, nakiri nilitaka anisifu. Alikuwa anakata picha za pasipoti, nne nne, na hakuinua kichwa.

"Na siku usipokuja kazini?" aliuliza.

 Nilikaa naye mpaka akamaliza kukata, nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikaondoka kuwahi gari la Isaka.