Perege wa Toangoma na Asili ya Mama Zao

Niliondoka Mabibo kwa sababu ya samaki kumi na wawili walioninyima usingizi. Mie ni fundi wa maabara, kazi yangu kusoma vinasaba. Samaki hao walitoka kwenye bwawa moja la Toangoma, Temeke, na kwa sura walikuwa perege wa mito ya pwani, hakuna ubishi. Lakini nilipopima mitokondria yao, zile sehemu ndogo za chembe hai ambazo mtoto huzirithi kwa mama peke yake, zilikuwa za sato, ndugu yao wa karibu wa kanda ya ziwa. Msimamizi wangu, tunayemwita Dokta, alisoma majibu akavua miwani.

"Neema, umechanganya vichupa."

"Sijachanganya, Dokta."

"Basi kalete wengine, ukawakate mapezi mwenyewe. Ukija na majibu tofauti na haya, mkataba wako mpya sisaini."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bodaboda, ndoo mapajani, vichupa vya spiriti vya kuhifadhia vipande vya mapezi kwenye begi. Kusema kweli sikuwa na uhakika. Siku niliyopima wale wa kwanza umeme ulikatika mara mbili, na nilifanya kazi kwa tochi ya simu.

Tandika tulikwama kwenye foleni. Dereva akaniuliza naenda Toangoma sehemu gani. Nilipomtajia bwawa, aligeuka mzima mzima.

"Sista, mie nakushusha barabarani. Tangu mvua zile kubwa kule kuna mamba."

Nilicheka, nikakubali.

Saa mbili kasoro nilifika dukani kwa Bi Thuweba, mjane wa ukoo wa Kiarabu unaouza mchele na mafuta ya kula hapo tangu zamani. Bwawa liko nyuma ya nyumba, pembeni ya bonde la mto Mzinga. Alilichimba marehemu mumewe.

"Shikamoo, Bi Thuweba."

"Marahaba, mwanangu. Kwani wale wa kwanza hawakutosha?"

Sikumwambia ukweli. Nilimuuliza kama aliwahi kufuga sato.

"Mie? Hata siku moja. Alofuga ni jirani. Mto ulivyofurika mwaka ule wa mvua kubwa, mabwawa yakawa bahari moja. Maji yalipopungua kila mtu akabaki na alichobakiziwa."

Kumbe inawezekana. Jike la sato likizaa na dume la perege, watoto hubeba mitokondria za sato. Mabinti zao wakizaa na perege, na wajukuu vivyo hivyo, sura ya sato hufutika kabisa, lakini zile mitokondria za bibi yao zinabaki.

"Ila leo usiingie majini," Bi Thuweba akasema. "Mbuzi wangu wawili hawajulikani walipo. Kaka kaona mburuzo wa mkia kwenye tope."

Kaka yake, Mzee Nassor, mtu wa maneno machache, alitikisa kichwa kukubali. Tukakubaliana kuvuta wavu kutoka ukingoni.

Mvuto wa kwanza ulitupatia perege tisa. Niliwatia ndooni. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka wafike kumi na wawili kama mwanzo, Dokta asipate pa kusemea. Mvuto wa pili wavu ukanasa. Nilijizungushia kamba mkononi, nikashuka hatua mbili, maji magotini, nivute kwa nguvu.

Wavu ukanivuta mie.

Nilianguka kifudifudi. Tope likajaa mdomoni. Kamba ilikaza kwenye kifundo cha mkono mpaka sikuhisi vidole, na mbele yangu maji yalifumuka, nikaona mgongo mweusi wenye magamba ukijipindua ndani ya wavu. Nilichosikia ni Bi Thuweba akiita, "Nassor, kata! Kata kamba!" na panga likitua pembeni ya mkono wangu. Kisha kanga ikanizunguka kifuani, na yule mama wa miaka sitini na kitu akaniburuza mpaka kwenye majani kama gunia.

Wavu ulikwenda na yule mamba. Maji yakatulia, na utulivu ule ndio ulionitia hofu zaidi.

Nilikata mapezi ya wale tisa nikiwa nimekaa sebuleni, Bi Thuweba akiniandikia namba za vichupa.

Safari ya kurudi niliifanya nimefumba macho. Kila bodaboda ilipopita kwenye dimbwi, nilikunja miguu.

Jumatano majibu yalitoka. Wote tisa: sura ya perege, mama wa sato. Dokta alisaini mkataba. Nilijifunza kwamba sikukosea, na kwamba tisa walikuwa wanatosha. Nilimpigia Bi Thuweba, nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu wa kunyamaza.

Akauliza, "Sasa wale perege wenyewe, wa toka enzi, wako wapi?"

"Sijui, Bi Thuweba. Inawezekana wameisha na hakuna aliyeona."

Bi Thuweba akakumbuka kitu.

"Dada yangu ana kibwawa huko juu, maji ya mafuriko hayakufika. Njoo uwaangalie perege wake. Ila safari hii unasimama nchi kavu, umenisikia?"