Sauti Tusiyoiitikia

Mwaka ambao simba alianza kuchukua watu mashambani, kijiji chetu upande wa Ngarambe kilipewa bunduki moja. Kaka yangu, askari wa wanyamapori wa kijiji, alitakiwa kwanza ajifunze usalama wa silaha kwa kozi ya kwenye mtandao. Tulipanda lori hadi Kibiti, kwenye chumba chenye kompyuta tatu na jenereta. Masomo yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nilisoma, nikamfafanulia.

Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi. Kidole kikae nje ya triga. Jua unacholenga, na kilicho nyuma yake.

Kwenye jaribio lilitokea umbo kati ya majani, ndani ya ukungu. Kaka akabonyeza. Kioo kikaonyesha mwanamke mwenye mzigo wa kuni.

“Wanasema uite kwanza,” nikamwambia. “Mtu atajibu.”

“Kwetu nani atajibu, mdogo wangu?”

Alisema kweli. Siku zile hakuna aliyeitikia sauti itokayo porini. Ilisemekana simba yule ni wa kutumwa na wachawi, na huita kwa sauti ya mtu unayemfahamu.

Nyumbani alijizoeza kwa mchi wa mama. Jirani yetu akamtania, “Bwana mkubwa, ukiufyatua huo, unga wa ugali tutautwangia nini?” Mama hakucheka. Tangu siku ile hakuugusa tena mchi wake, akawa anaazima kwa watu.

Asubuhi moja tulimfuata mama shambani, sisi wawili na jirani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga. Mbele yetu mashuke yakatikisika, kikaonekana kitu cha rangi ya udongo, kimeinama.

“Piga,” jirani akanong’ona. “Unangoja kikuamkie?”

Kaka aliinua bunduki, kidole kimenyooka kando ya triga. “Nani?” Kimya. Akaita tena. Kile kitu kikazidi kujikunja.

“Mtu angejibu,” jirani akasema.

Kaka alivuta pumzi. “Usijibu,” akasema kwa sauti. “Kama ni mtu, inua mkono tu.”

Mkono ulipanda polepole, una matope hadi kwenye kiwiko. Alikuwa mama, kajifunika kanga yake iliyopauka.

“Nilisikia ni sauti yako, mwanangu,” alisema. “Ndiyo maana sikuitika.”

Kaka aliinamisha mtutu, akampita, akaenda kutazama nyuma yake. Nilimfuata. Hatua chache kutoka pale mama alipochutama, mpunga ulikuwa umelazwa. Kwenye tope zilikuwapo nyayo za simba, na maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake.