Ramani Nyekundu ya Vibeke Damsgaard

Vibeke Damsgaard alikuwa amechimba mabaki ya kale katika mashamba ya Himmerland, kaskazini mwa Denmark, tangu ujana wake, akiwa amepiga magoti juu ya kipande cha sponji, mwiko wa mwashi mkononi na mvua mgongoni. Mwaka huu magoti yalikataa. Asger Lindholt, mkuu wetu wa makumbusho, hakuzungusha maneno: "Ukijifunza hesabu za kompyuta, nafasi ipo ofisini. Ukishindwa, Vibeke, sina pa kukuweka."

Akaenda darasani, akakaa na vijana wa umri wa binti yake. Alijifunza jinsi wastani unavyoweza kudanganya, na jinsi kompyuta inavyoweza kukataa ukurasa mzima wa maagizo kwa sababu ya mkato mmoja. Kuna jioni alifunga mashine akaenda kupalilia viazi, ili asiivunje.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa shamba lililo juu ya ghuba, ambako watu wa Zama za Mawe waliwahi kuchonga zana za mawe magumu ya gumegume. Barabara mpya ilikuwa inapita hapo. Tulikuwa tumechimba vishimo vya majaribio shamba zima na kuhesabu vipande vya gumegume katika kila kishimo. Vibeke alitakiwa atengeneze ramani ya kuonyesha vilipojaa zaidi. Nusu yenye vipande vingi tungeichimba sawasawa. Nusu nyingine ingekabidhiwa katapila asubuhi ileile ya ramani.

Tulikutana katika kibanda chetu cha magurudumu, pale shambani. Henning, msimamizi wa wajenzi wa barabara, alisimama mlangoni na kikombe chake. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Mama, mawe yako yamengoja miaka elfu sita," alisema. "Dereva wangu hawezi kungoja hata kahawa ipoe."

"Mwambie azime basi, anatupigia kelele," Vibeke akamjibu. Akafungua ramani kwenye kompyuta.

Upande wa mashariki ulikuwa mwekundu kama kidonda. Magharibi ilikuwa nyeupe. Asger alitabasamu, akavuta kalamu na karatasi ya idhini.

"Safi kabisa. Tunabaki na mashariki. Henning, chukua magharibi."

Vibeke alikuwa ameinamia kioo. Ukingo wa ule wekundu ulipinda vizuri mno, kama majani yaliyoliwa na mbuzi aliyefungwa kamba: hadi hapa, basi. Watu hawakai hivyo. Kisha akaona ni kamba gani. Bomba la maji la mwenye shamba lilikuwa kwenye kona ya mashariki, na mpira wa maji ulifika hapo ulipoishia wekundu. Udongo wa ndani ya duara lile ulioshwa kwenye chekecheke, ukatoa hata vipande vidogo kama chawa. Udongo wa mbali ulikuwa tope lisilopita kwenye chekecheke kavu, kwa hiyo tuliupekua kwa vidole. Aliyeufunga mpira ule bombani ni Vibeke mwenyewe.

"Asger, usitie sahihi."

"Kuna nini tena?"

"Hii si ramani ya watu wa kale. Ni ramani ya mpira wa maji."

Alipomaliza kueleza, Asger aliweka kalamu chini polepole.

"Unajua nilikupa kazi hii ili nione kama unaiweza?"

"Najua."

"Na bado unaniambia umekosea?"

"Nimekosea. Nipe muda nivitoe vile vidogo, nihesabu vipande vikubwa peke yake. Hivyo vikubwa hata vidole viliviona."

Henning akatazama nje. "Muda gani, bibie? Wiki? Mwaka?"

"Kaa, Henning. Kula mkate."

Aliandika. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, shingo imemwiva nyekundu, ikakataa. Hakuna aliyegusa kikombe. Asger alizunguka akasimama nyuma yake, na Vibeke, bila kugeuka, akasema: "Ukinisimamia hivyo tutalala hapa." Asger akarudi nyuma. Safari ya tatu ramani ikafunguka.

Ilikuwa imepauka. Wekundu wa mashariki ulitoweka. Magharibi, karibu na mteremko, palikuwa na doa hafifu la rangi ya chungwa.

"Hilo tu?" Asger aliuliza.

"Hilo tu. Ningechagua magharibi. Lakini siwezi kukuapia."

Asger akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. "Mashariki ni yako, Henning."

Vibeke akavaa buti. Alitembea nyuma ya katapila akichechemea, macho kwenye kila ndoo ya udongo iliyomwagwa. Henning akamfuata.

"Sasa unatafuta nini, mama? Si umeshatuachia upande huu?"

"Natafuta nisichotaka kukiona."

Ulitoka udongo mweusi wenye rutuba, kisha mchanga wa manjano, kisha mchanga tena. Kipande kimoja kimoja cha gumegume. Hakukuwa na mkaa wala jiwe la mafiga, dalili ya watu kukaa. Alikwenda hivyo hadi mwisho wa mstari wa katapila, akarudi na mstari wa pili.

Asger alimkuta hapo, amejishika goti.

"Kesho njoo ofisini," alisema. "Kuna hesabu za shamba la mwaka jana. Sina hakika nazo tena."

"Nani alichekecha udongo?"

"Sijui. Anza na hilo."

Katapila likageuza. Vibeke akalifuata.