Soko Kuu la Watu Wasio na Sura

Darasani mimi ndiye hakimu wa michezo ya video, cheo nilichojipa mwenyewe. Mchezo wa Ulaya, uliotengenezwa na mamia ya watu kwa mamilioni, mimi nautazama kwenye simu iliyopasuka kioo na kutangaza kwamba majani hayatikisiki vizuri.

Kwa hiyo rafiki yangu wa dawati moja alipotuonyesha mchezo alioutengeneza peke yake, sikumhurumia. Alikuwa amejenga soko kuu la Rohero, katikati ya mji wetu, lile lililoungua sisi tukingali tunabebwa mgongoni. Miaka miwili, kwenye kompyuta isiyo na betri: umeme ukikatika, kazi ya siku nzima imekwenda.

"Hizi ni meza ao maboksi ya sabuni?" nikauliza. "Na watu wako, nyuso laini kama mayai!"

Darasa zima likacheka. Akafunga kompyuta.

"Nitaufuta. Nilitaka tu mama aone pahali pake."

Mama yake aliuza vitenge humo. Siku ya moto aliokoa ufunguo wa kibanda chake tu. Siku hizi anauza nyanya kwenye soko la Jabe.

Nilimsihi asifute kabla mama hajaona. Jumamosi nikaenda kwao, nimejiandaa kusifu kwa uongo.

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Rafiki yangu akawa anamtembeza kati ya meza, kwa vidole, haraka haraka. Ghafla mama akampiga kofi mkononi.

"We! Unapita mama wa chumvi bila kumusalimia?"

"Mama, ule ni mchoro tu."

"Apana. Rudi."

Akarudi. Mama akainamia kioo. "Amahoro, mama," akasema, akangoja kidogo, kama anayesubiri kujibiwa. Kisha akamsalimia wa viatu, na wa ndagala, dagaa wa ziwani, na mzee wa viungo akampa salaam aleikum yake. Nilikuwa na utani mmoja tayari mdomoni. Nikaumeza.

"Sura zao ziko wapi?" mama akauliza.

Rafiki yangu akanitazama mimi kwanza. "Sizijui, mama. Nilikuwa mgongoni kwako."

Mama akaweka kidole juu ya uso mtupu.

"Mama wa chumvi alikuwa na mwanya. Na kovu, hapa juu ya jicho."

Nikatoa daftari langu la fizikia, ambalo halijawahi kuandikwa kitu cha maana. Nikaandika: mwanya, kovu.

"Jicho la kushoto ao la kulia, mama?"