Kalenda ya 1974 Iliyonuka Banda la Kuku

Nilikuwa sijawahi kuona kikao cha watu wazima kikifungua madirisha kwa sababu ya kalenda. Mwaka juzi, Mazingara huku Handeni, nilikiona.

Jamaa alifungua mfuko wa nailoni, akatoa karatasi moja ya rangi ya chai, akaiweka mezani mbele ya wazee wa baraza la kata. Harufu ikapanda. Mavi ya kuku, moshi na kitu kama mkojo. Mama Dorkasi, mwenyekiti wa baraza, akavuta ncha ya kitenge akaziba pua.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma.

Ile kalenda niliichapa mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Naitwa Zaidi. Nina kiduka cha uchapaji Korogwe mjini, nyumbani Kilole. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, fulana za misiba. Ikifika Novemba, kalenda. Kalenda ndizo zinazonivusha.

Kazi nilifundishwa na Mzee Habakuki. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge, yeye akaishia kupanga herufi za risasi kwenye mashine za zamani. Sasa amestaafu, lakini kila asubuhi anakuja kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pangu, anakunywa kahawa na kukosoa kila ninachofanya.

Huyo mzee akianza habari za kalenda hamalizi leo. Ndiye aliyeniambia kwamba Wajerumani walipoanza kuchapa kwa herufi za chuma, miaka karibu mia sita iliyopita, kalenda ilikuwa miongoni mwa karatasi za mwanzo kabisa kutoka kwenye mashine.

"Na unajua ilikuwa inawaambia nini watu?" ananiuliza, kama vile hajaniambia mara mia.

"Siku za kuumikwa, mzee."

"Siku za kuumikwa damu na siku za kunywa dawa ya kuharisha. Mwaka mzima. Mtu anaangalia ukutani, anaona leo ndiyo siku yake ya kuharisha, anakunywa dawa anaharisha."

Halafu anaendelea. Baadaye wakaweka miandamo ya mwezi, wakatabiri mvua, wakaweka siku za kupanda na siku za mkosi. Mchapaji huyu anakopi kwa yule pamoja na makosa yake. Mvua isiponyesha, watu wanailaumu mvua, karatasi hawaigusi.

Na hata kile kipande alichopewa baba yake kwenye mkonge, kadi yenye vyumba thelathini vya siku za kazi, Habakuki anakiita kalenda. Mnyapara asipotia alama, siku yako haikuwepo, hata kama mgongo bado unauma.

Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni stori za kahawa.

Sasa mwezi wa tano akaja mteja. Kanzu imepigwa pasi, kofia safi, alama ya sijda kwenye paji la uso. Ukimwona tu unampa kiti.

"Msikiti wetu unatimiza miaka hamsini," akasema. "Tunataka kutundika kalenda ya mwaka ulipojengwa, 1974. Miezi yote kumi na miwili, kila mmoja karatasi yake. Weka Bismillahi juu. Na karatasi isiwe nyeupe."

Mzee Habakuki akageuka kwenye kiti chake. "Ya sherehe, na isiwe nyeupe?"

"Ndiyo mzee wangu, ipendeze."

Jamaa alipoondoka, mzee akatikisa kikombe. "Huyo usimfanyie. Mwenye sherehe anataka kitu king'ae. Huyu anataka kitu kilichozeeka."

Nikajikausha. Jamaa hakupunguza bei hata kidogo, na mwezi wa tano mchapa kalenda ana njaa. Na kusema ukweli nilijiona fundi. Niligundua kwamba siku za mwaka 1974 zinalingana na za 2019, Jumanne kwa Jumanne. Nikafungua kalenda yangu ya 2019, nikabadilisha mwaka, nikatoa kumbukumbu ya Baba wa Taifa ya Oktoba kwa sababu mwaka huo alikuwa hai. Dakika arobaini, kazi imeisha. Usiku jamaa akanitumia ujumbe WhatsApp: "Bismillahi iwe kubwa kidogo, ndugu." Nikaikuza.

Wiki tatu baadaye mama akanipigia. Bibi Mwaija, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, ameitwa barazani. Mtoto wa shemeji yake anadai shamba lote la Mazingara.

"Nenda ukakae naye," mama akasema. "Mtu mzima, hajui kusoma, watamvuruga."

Shamba lenyewe ni ekari nane. Tano ziko bondeni, hapo ndipo ilipo nyumba yake, michungwa yake na kaburi la mumewe, Mzee Mhina. Tatu ziko juu kilimani, anapanda mahindi na mbaazi. Akinyang'anywa, Bibi Mwaija hana hata pa kuanikia nguo.

Basi nikaenda. Na aliyesimama kudai ni yule yule mteja wangu wa kanzu. Kumbe anaitwa Muhsin, anakaa Chanika. Ni wa upande wa mume, sikuwahi kukutana naye.

"Wazee wangu," akaanza, sauti laini. "Marehemu baba mkubwa alikuwa anaandika kila kitu kwenye kalenda. Hilo nani halijui?"

Wazee wakaitikia. Ni kweli. Nyumba nyingi za huku mtoto akizaliwa, ng'ombe akizaa, mvua ikichelewa, mwenye nyumba anaandika pembeni ya tarehe.

"Na baba yangu, Isihaka, alinisimulia mpaka anaingia kaburini. Mwezi wa nane mwaka sabini na nne, kaka yake alimwandikia shamba. Hii hapa."

Hapo ndipo mfuko ulipofunguliwa na madirisha nayo yakafunguliwa.

Mama Dorkasi akasoma kwa mbali, ameinamisha shingo kama anachungulia choo. Mwezi wa Agosti. Pembeni ya Jumamosi tarehe 17, kwa wino wa bluu: leo nimempa ndugu yangu Isihaka shamba lote.

"Mbona inanuka hivi?" akauliza.

"Mama mwenyekiti, sanduku la marehemu lilikuwa kwenye banda la kuku. Nimeikuta humo."

Bibi Mwaija akanyanyuka taratibu, akaenda mezani. Kusoma hajui, lakini neno moja analijua kwa sura. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hii si Bismillahi?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Bismillahi umeitoa kwenye mavi ya kuku?"

Kama hukukulia kwenye nyumba hizi, elewa hivi: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Inafungwa kitambaani, inawekwa juu, au inachomwa kwa adabu. Mzee Mhina alikuwa anajulikana kijiji kizima kwa kuokota vipande vya magazeti njiani akiona vina aya.

Muhsin akarekebisha kofia. "Mimi nimeikuta tu, mama mkubwa. Labda marehemu, unajua tena, mwishoni uzee ulimzidi. Hata najisi akawa haijui."

Jamani. Mtu mwenye alama ya sijda anamtukana marehemu mbele ya mjane wake ili apate mbaazi.

Mzee mmoja wa baraza akakohoa. "Mahali ilipokaa ni aibu, lakini tunachotazama ni kilichoandikwa. Na kalenda ni ya mwaka huo, imechapwa."

Imechapwa. Nikamkumbuka Habakuki na watu wake wa kuharisha kwa sababu ukuta umesema.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jengo. Nikasukutua kwa maji ya bombani, nikajitazama vidole. Nikisema, jina langu Korogwe limekwisha, na pengine polisi. Nisiposema, bibi yangu anahamishwa kwa karatasi yangu.

Nikarudi ndani.

"Mama mwenyekiti, naomba utazame tarehe nane."

Akatazama. "Nyekundu. Sikukuu ya Nane Nane."

"Mwaka sabini na nne Nane Nane ilikuwepo?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha katikati. "Haikuwepo. Sisi tulikuwa na Sabasaba."

"Kijana, wewe umejuaje?" Mama Dorkasi akauliza.

"Nimeichapa mimi, mwezi uliopita. Ile nyekundu nilisahau kuitoa. Na hapo chini kulia kuna mstari mwembamba, ni mkwaruzo wa mashine yangu."

Muhsin akaruka. "Huyu amenunuliwa."

Nikatoa simu, nikampelekea Mama Dorkasi ule ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya Muhsin. Akausoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Bismillahi iwe kubwa kidogo, ndugu. Hakuna aliyecheka.

Mama Dorkasi akaisukuma ile karatasi kwa ncha ya rula mpaka ukingoni mwa meza. "Ondoa uchafu wako hapa. Dai lako limekwisha."

Muhsin hakuichukua. Alipita karibu yangu mlangoni, akaninong'oneza: "Tumeitengeneza wawili, bwana mdogo." Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hakukosea.

Bibi Mwaija ndiye aliyeiokota. Kufika nyumbani akakata sehemu ya Bismillahi kwa mkasi, akaifuta, akaifunga kitambaani. Iliyobaki akaitia motoni. Halafu akanawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Baada ya sala ya alasiri akapanda kwenye kigoda, akashusha bahasha kubwa ya kitambaa cheupe kutoka juu ya kabati. Ilinukia udi.

"Wewe umesoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu unazijua," akasema. "Hizi ni kalenda za mume wangu. Zina dua zake pembeni. Nisomee leo, nitulie."

Zilikuwa zaidi ya arobaini, kila moja imekunjwa vizuri. Pembeni ya tarehe kumejaa maandishi madogo ya Kiarabu. Miaka yote kila aliyeyaona alidhani ni dua, hakuna aliyejisumbua.

Nikafungua ya 1974. Nikasoma mstari wa kwanza, nikarudia. Haikuwa dua. Ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

"Mvua ya kwanza imenyesha," nikamsomea. "Mwaija anaumwa jino."

Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Endelea."

Nikafika Agosti. Tarehe nane nyeusi kama siku nyingine. Jumatano tarehe 14 kuna mistari mitatu. Nikaisoma kimoyomoyo.

Nimegawa shamba leo. Bondeni na nyumba ni kwa Mwaija. Ekari tatu za juu ni za ndugu yangu Isihaka, akitaka yeye au watoto wake.

Tulikuwa wawili tu humo ndani. Bibi hajui kusoma. Ningesema ni dua ya mvua, angeitikia amina na yule mchafu asingepata hata kijiti. Na moyo wangu ulitaka hivyo, sitawadanganya.

Lakini harufu ya asubuhi ilikuwa bado puani. Nikamsomea yote.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake.

"Kwa hiyo alikuwa na haki yake."

"Ekari tatu, bibi."

"Zilikuwa hapa juu ya kabati langu. Angekuja akasema, mama mkubwa, baba aliniambia kuna maandishi, tutazame pamoja. Ningempikia na chai."

Wiki iliyofuata akamwita Muhsin kwa Mama Dorkasi. Nikaisoma kalenda ya kweli mbele ya wote. Muhsin alikuwa anatazama sakafu, shingo imelegea. Karatasi ya mpaka wa zile ekari tatu ikaandikwa, mashahidi wakasaini.

Alipomaliza kusaini, akaenda mbele ya bibi, akainama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Bibi Mwaija akamtazama.

"Ekari tatu ni za baba yako, hizo nimekupa," akasema. "Marahaba ni yangu mwenyewe."

Akajitanda kanga, akatoka.

Na mimi msidhani nilipona. Shikamoo yangu aliipokea Ramadhani iliyofuata, nilipompelekea tende, na hata hapo alimaliza kupanga tende kwanza. Nilistahili. Mzee Habakuki naye nilipomsimulia hakusema nilikwambia. Aliomba kahawa nyingine, akaninyima mazungumzo mpaka jioni.

Siku hizi ukija kwangu unataka karatasi ya mwaka uliopita, nakuuliza unaipeleka wapi, na ukinijibu vibaya unatoka. Watu wanaamini kilichochapwa, na mchapaji ndiye mtu wa kwanza anayejua kama ni uongo.

Na wewe unayedai chako, kidai kikiwa safi. Muhsin sasa amehamia Mazingara, analima zile ekari tatu, mbaazi zake zimestawi kweli. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba ya Bibi Mwaija kwenda shambani, anatoa shikamoo, na anaendelea kutembea bila kujibiwa.